Ile soda ya saa tisa

Haya maneno niliyaongea Jumamosi kwa mkutano wa chama hapa Kondele, Kisumu, kulikuwa na watu wa boda, wamama wa soko la Kibuye, vijana wa kuosha magari na wazee wachache wa mtaa. Wale hawakufika waliniomba niyaandike, na wale walifika wakasema nisiache ile sehemu ya matanga, kwa hivyo nimeandika vile yalitoka, nimetoa tu pale nilirudiarudia.

Oyawore uru, mulembe, bwakire, hamjambo nyote. Mwenyekiti asante kwa maiki. Wazee wangu, mama zangu, vijana wangu wa steji, niliambiwa niongee juu ya sukari, na najua mtu akisikia mama wa afya anataka kuongea sukari anajua ni ule ugonjwa tu, mguu kukatwa, macho, figo. Hayo ni ya kweli na nitayagusa mwishoni kidogo. Lakini kuna kitu hatuongeangi. Hii soda na hizi switi na hizi kwini keki tunazokimbilia tukiwa na mawazo mengi, zinafanyia hayo mawazo nini? Zinayapunguza ama zinayaongeza? Hiyo ndio nataka tuongee, stresi.

Kabla nipewe hii begi ya afya ya kutembelea watu nyumba kwa nyumba nilikuwa na kibanda hapo chini ya raundabauti, miaka 9. Miaka 9 ukiuza soda na mandazi unajua watu vizuri. Asubuhi watu ni chai, turungi ama ya maziwa, na mandazi mbili ama ile ngumu ya kushikilia tumbo. Saa sita wenye pesa wanaenda kula, wasio nazo wanaruka. Halafu ikigonga saa tisa, hapo sasa friji yangu haikuwa inapumzika. Kijana wa boda amezunguka tangu alfajiri na hajafikisha hesabu ya mwenye pikipiki. Mama wa mitumba amepigiwa simu na shule, mtoto amerudishwa karo. Mzee ametoka wodi kuona mgonjwa na ameandikiwa dawa akanunue nje. Wote wanakuja na neno moja, "Mama nipe baridi nitulize kichwa." Na kweli anakunywa, anashusha pumzi, uso unafunguka kidogo, tunaongea mambo mawili matatu, anaenda. Kitu kilinisumbua ni kwamba saa kumi na moja ni yule yule amerudi, uso ni ule wa saa tisa, saa zingine hata mbaya kuliko huo, na anataka ingine. Mimi niliona ni biashara imeingia. Sikujua naangalia nini.

Sasa kwanza tuelewane tunaongea stresi gani, kwa sababu watu wawili wanaweza kuwa na deni moja, pesa sawa, mkopeshaji yule yule, mmoja analala fofofo na mwingine anakesha akihesabu mabati. Deni ni moja, mzigo wanaousikia ni tofauti. Mwaka wa 1983 huko Marekani mtaalamu anaitwa Sheldon Cohen na wenzake wawili walitengeneza maswali ya kupima huo mzigo mtu anaousikia, na hadi leo yanatumika nchi nyingi sana. Ile orodha inayotumika zaidi ina maswali 10 na yote ni juu ya mwezi mmoja uliopita. Ni mara ngapi umeona huwezi kushika mambo muhimu ya maisha yako, ni mara ngapi shida zimerundikana mpaka ukaona hutaziweza, ni mara ngapi umekuwa na imani kwamba utayamaliza mambo yako mwenyewe. Kila jibu lina alama kutoka 0 hadi 4, ukijumlisha zote mwisho ni 40. Hakuna mahali unaulizwa uko na deni la pesa ngapi. Unaulizwa unajisikia unaliweza ama limekuweza. Mimi nayapenda hayo maswali kwa sababu hayamwambii mtu shida yake ni ndogo.

Mtu akijisikia amelemewa, mwili nao unasikia. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo imekaa kama kofia, na hizo tezi mbili ndio zinatoa adrenalini, hiyo inatoka chap chap, halafu zinatoa kotisoli ambayo inakuja polepole na inakaa. Adrenalini ndio moyo kupiga na jasho la mikono. Kotisoli inaenda kwa ini inafungua ghala, inatoa sukari inaiweka kwa damu upate nguvu ya kukimbia ama kupigana. Mtu wa zamani akikutana na chui hiyo ilimsaidia sana. Wewe umekutana na mesiji ya mkopo wa simu, umekaa juu ya pikipiki chini ya mti, hukimbii popote, na kesho mesiji inakuja tena. Kotisoli ikikaa juu siku baada ya siku inakupatia hamu ya vitu vitamu na vya mafuta. Mtafiti anaitwa Elissa Epel na wenzake walichapisha 2001, waliita wanawake 59, wakawapa kazi za kuwatia presha kisha wakawawekea vyakula wachague, na wale kotisoli yao iliruka juu zaidi ndio walikula zaidi siku hiyo, na hao hao ndio walipenda vitamu zaidi. Kwa hivyo kijana akikimbilia soda akiwa na mawazo msimwambie hana adabu ya tumbo. Mwili wake ndio umemtuma.

Na ile nafuu anayoipata ni ya kweli, mimi sitasimama hapa niwadanganye kwamba haipo. Mtoto mchanga hospitalini akienda kudungwa, kuna manesi wanamwekea matone ya maji ya sukari kwa ulimi na analia kidogo kuliko yule hakuwekewa, hiyo imepimwa mara nyingi sana. (Wamama tafadhali, msiende kufanya hiyo nyumbani. Ile ni matone kwa mkono wa nesi, na mtoto wa chini ya miezi 6 chakula chake ni maziwa ya mama peke yake.) Nasema tu kwamba utamu unatutuliza tangu siku ile tunazaliwa. Chuo kikuu cha California kule Davis walichukua wanawake 19 wa miaka 18 hadi 40, wakawagawa, wengine wakapewa vinywaji vya sukari mara 3 kwa siku kwa siku 12, wengine vinywaji vya utamu wa kutengenezwa usio na sukari. Wakawapa hesabu ngumu za kutia mtu jasho, wakapima kotisoli kwa mate, wakapiga picha za ubongo. Walichapisha 2015. Wale wa sukari kotisoli yao haikupanda kama ya wenzao, na kuna sehemu ya ubongo inaitwa hipokampasi ambayo stresi kwa kawaida inaituliza, kwao ikawa inaendelea kufanya kazi. Sasa 19 ni watu wachache, mimi siwezi kujenga nyumba juu ya watu 19. Lakini nilipoisoma hiyo nilikumbuka ile sura niliona ikifunguka kwa kibanda changu. Sukari inaweza kuzima king'ora kwa muda. Ndio maana mtu anarudi, kwa sababu mwili ukishajua kitu fulani kinazima king'ora utakiomba kila kikilia, na wakati huo wote ile karo, lile deni, yule mgonjwa, hakuna mtu amewagusa.

Kuna kijana hapa mbele ameinua mkono, anasema yeye hanywi kutuliza kichwa, anakunywa apate nguvu amalizie siku. Sawa, tuiangalie hiyo. Mwaka wa 2019 watafiti wa Ujerumani na Uingereza walikusanya tafiti 31 zenye watu 1,259, wote watu wazima waliopewa sukari ama wanga kisha wakaulizwa wanajisikiaje, wakilinganishwa na wale walipewa kitu kisicho na sukari. Walitafuta ile furaha tunaambiwa sukari inaleta, hawakuipata popote. Walichopata ni uchovu zaidi ndani ya dakika 30 na kuzubaa zaidi ndani ya saa moja. Sasa piga hesabu na saa yako. Umekunywa saa tisa, saa tisa na nusu mwili umechoka, saa kumi macho yamezubaa na wewe uko kwa barabara ya kwenda Kakamega na abiria nyuma na matatu inakuja.

Kwa watu wengine, si wote, kuna kitu kingine kinafuata. Umekunywa soda na tumbo ni tupu, sukari imepanda kwa damu kwa haraka, insulini inatoka nyingi kuishusha, inaishusha zaidi ya pale ilikuwa imefaa, na adrenalini inatoka kuirudisha juu. Angalieni hapo. Moyo unapiga, mikono inatetemeka, jasho jembamba, hasira iko karibu. Hizo dalili ni zile zile za woga, mwili hauna zingine. Mtu hajui ni ile soda ya saa tisa, anajua ni maisha. Anatafuta sababu na sababu hazikosekani, ako na bibi nyumbani, ako na mwenye pikipiki, ako na abiria amekataa kulipa shilingi 20. Nimeona watu wakipigana hapo steji saa kumi na moja jioni mara nyingi sana na sikuwahi kuona wakipigana saa moja asubuhi. Siwezi kusema ni soda ililetea wote, wengine ni njaa na jua tu, lakini niliona.

Na miaka mingi je? Kuna wafanyakazi wa serikali London ambao chuo kikuu cha pale kimewafuatilia tangu miaka ya 1980, maelfu yao. Mwaka wa 2017 walichapisha kwamba wanaume wa sukari ya zaidi ya gramu 67 kwa siku, sukari ya vinywaji na vyakula vitamu, walikuwa na uwezekano wa asilimia 23 zaidi wa kupata yale matatizo ya akili ya kawaida, wasiwasi na mfadhaiko, baada ya miaka 5, kuliko wale wa chini ya gramu 39.5. Mtu anaweza kusema pengine ni wale wenye mawazo ndio walianza kula sukari, na wao waliangalia hiyo pia, hawakuona kama ndio ilikuwa. Hata hivyo hiyo haifungi kesi. Mtu wa soda nyingi saa zingine ndio yule halali vizuri, ndio yule ana kazi mbaya, na hesabu haiwezi kutoa yote. Nawapa na hii pande ya pili ili mtu asitoke hapa akisema mama alikuja kututisha.

Gramu 67 ni ngapi? Kijiko kimoja cha chai ni kama gramu 4. Soda nyingi za kawaida zina gramu kama 10 na kidogo kwa kila mililita 100, kwa hivyo ile chupa ya plastiki ya nusu lita ina gramu 50 na kitu, hiyo ni vijiko 12 ama 13. Ongeza chai mbili za vijiko vitatu vitatu, hizo ni gramu 24, umeshapita hao watu wa London na bado hujala keki. Shirika la Afya Duniani lilisema 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya nguvu unayokula kwa siku, kwa mtu wa kawaida ni kama gramu 50, na ikiwezekana ishuke hadi nusu yake, gramu 25. Wamama mnajua yale maji ya mtoto anayeharisha, lita moja nzima ya maji safi, vijiko 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Vijiko 6 kwa lita. Hiyo ni sukari inarudisha mtoto kutoka kwa mlango wa kaburi, na sisi kipindupindu tunakijua hapa ziwani. Nusu lita ya soda imebeba mara mbili ya hizo.

Nisimame hapa kidogo kwa sababu hii sukari kwangu si kitu cha kusoma tu. Mimi nimetoka kwa ukanda wa miwa. Kiwanda cha kwanza cha sukari nchini kilijengwa hapo Miwani mwaka wa 1922, na toka hapo mpaka Bungoma mpaka Awendo kuna familia zimesomesha watoto na miwa na kuna familia zimelia na miwa. Baba yangu alipanda. Muwa unakaa shambani mwaka na nusu, saa zingine unagonga miwili, halafu unakatwa unapakiwa kwa trela na unaenda, na baba anarudi kukaa chini ya mwembe kungoja pesa. Kuna mwaka tulingoja miezi na miezi, kampuni haikulipa, na barua haikuja. Nilikuwa msichana wa darasa la saba. Baba alikuwa mtu wa kuongea, mwaka huo akanyamaza. Na jioni alikuwa anaweka vijiko vinne, vitano kwa kikombe cha chai, anakoroga pole pole, anakoroga, hanywi, anakoroga. Mama alikuwa anamwangalia tu. Alikuja kupata ugonjwa wa sukari na presha pamoja, alitutoka akiwa na miaka 61. Sisemi ile chai ndio ilimuua. Nasema nilikaa na mtu mwenye mzigo miaka mingi, kitu pekee alikuwa nacho cha kujituliza ni kile kijiko, na hakuna mtu alimuuliza, baba, unasikiaje.

Mzee mmoja hapa ameuliza, kwani hata chai ya matanga ni makosa. Baba, asante kwa hiyo swali. Matanga ndio mahali sukari yetu inajionyesha yote. Mtu amekufa, watu wanakesha siku tatu, nne, wiki, na kila anayefika lazima apewe chai tamu na mkate, mgeni wa heshima anapewa soda, usipompa ni kama umemdharau mbele ya watu. Mjane amekaa hapo ndani hajalala, hajala chakula cha maana, kila mtu anamwambia kunywa chai upate nguvu, na anakunywa vikombe sita, saba kwa usiku mmoja. Siku ya tatu moyo unamwenda mbio, kichwa kinauma, analia na anatetemeka, na tunasema ni uchungu. Ni uchungu, hiyo hakuna anayekataa. Lakini pia hajalala na tumbo lake limebeba maji ya sukari tu. Mimi siku hizi nikienda kwa matanga nabeba viazi vitamu vimechemshwa na mayai kwa mfuko, namtafuta mwenye msiba nyuma ya nyumba, nakaa naye mpaka ale. Simwambii kitu cha sukari. Saa hiyo si ya kufundisha mtu. Na sisemi tuondoe chai kwa matanga, chai ndio inaweka watu pamoja usiku, nasema tu sukari iwekwe pembeni kila mtu ajitilie, badala ya kupikwa ndani ya sufuria.

Usingizi nao. Vijana wa usiku, nyinyi mnaokunywa zile za enaji pale sheli, hizo zina sukari na zina kafeini pamoja, na soda zile nyeusi pia zina kafeini. Kafeini ikiingia kwa mwili inachukua kama saa tano ndio nusu yake itoke. Ukinywa saa tatu usiku, saa nane usiku nusu yake bado iko ndani inafanya kazi. Unafika nyumbani saa sita umechoka, unalala macho yakiwa wazi, unaamka saa kumi na moja, na mtu hajalala kitu kidogo kinakuwa kikubwa kwake, hata mtoto kumwaga uji ni vita. Saa tisa mchana anahitaji ingine ya kumwamsha. Mnaona vile hii kitu inazunguka. Mimi nikiulizwa kati ya sukari kwa damu na usingizi ni gani inaharibu kichwa zaidi, kwa watu ninaowatembelea nyumba kwa nyumba ningesema usingizi, na sukari ya jioni na kafeini ndio wanaufungulia mlango uende.

Halafu pesa, kwa sababu hiyo ndio stresi yenyewe kwa wengi wetu. Tuseme ni shilingi 50 tu kwa siku, soda ndogo, ama switi na keki. Kwa mwezi ni 1,500. Kwa mwaka ni 18,250. Kiwango cha chini cha SHA, ile bima ya afya ya serikali, ni 300 kwa mwezi, kwa hivyo soda ya mwezi mmoja ni SHA ya miezi mitano. Sisemi mtu asijifurahishe, shilingi 50 ni ya jasho lako, lakini yule mzee aliyetoka wodi na karatasi ya dawa angejua hiyo hesabu mapema pengine hangekuja kwangu na ile sura.

Sasa tufanye nini. Mimi sipendi kuambia mtu acha, nimeona watu wakiacha Jumatatu na kurudi Alhamisi na aibu juu. Anza na hiyo saa tisa peke yake. Ikifika, kabla hujafungua friji ya mtu, jiulize nimekula saa ngapi. Wengi mtapata mlikula saa moja asubuhi. Hiyo unayoita stresi nusu yake ni njaa, na ingine ni kiu, umekaa kwa jua la Kisumu tangu asubuhi bila maji. Kunywa maji kwanza, kikombe kizima, halafu kula kitu kinakaa: mayai boilo mawili, njugu karanga za kumi kumi, nduma, viazi vitamu, avokado na chumvi. Hizo zinaingia polepole na hazikuangushi. Kama bado unataka soda baada ya hapo, kunywa, lakini tumbo limeshajaa na utapata ndogo imekutosha. Mimi mwenyewe bado nakunywa moja Jumapili baada ya chakula na nafurahia.

Chai punguza nusu kijiko kila wiki, usikimbie. Ulimi unazoea, baada ya wiki chache ile ya zamani utaisikia kama shira. Yule anayekunywa soda nyeusi nne kwa siku ama za enaji, shuka pole pole, ukikata ghafla kafeini inakuletea kichwa kuuma na hasira siku mbili tatu, na bibi yako hatajua ni nini. Na soda isiyo na sukari mtu ameuliza, hiyo haina vijiko 12, kwa sukari ni afadhali, lakini kama ni ile nyeusi kafeini yake iko pale pale, kwa hivyo ya jioni bado itakunyima usingizi.

Na ule mzigo wenyewe, kwa sababu hata ukila mayai kumi ile karo bado iko. Hapa steji mko watu 40. Mkianza kukaa pamoja hiyo saa tisa, dakika 10, injini zimezimwa, kila mtu na maji yake na njugu zake, mwenye jambo aseme, hiyo nafuu mliyokuwa mkinunua kwangu mtaipata. Nilikuwa nauza soda, lakini watu wengi walikuwa wanakuja wapate mtu wa kumwambia kitu, na ile soda ndio ilikuwa tikiti ya kukaa. Hiyo nimeielewa nikiwa nimeshafunga kibanda. Kuna mwingine hapa dakika 10 hazitamtosha. Kama ni wiki mbili na zaidi huna raha na chochote, hulali, ama mawazo yanakuambia watu wangekuwa sawa bila wewe, njoo uniambie leo ama usiku ama wakati wowote, tutaenda wote mpaka kituo cha afya, nitakaa kwa benchi na wewe.

Jambo la mwisho ni kwa wale tayari mna ugonjwa wa sukari na mnadungwa insulini ama mnakunywa dawa za kuishusha. Haya yote nimesema yasikufanye utoe switi kwa mfuko wako. Ukisikia kizunguzungu, jasho baridi, unatetemeka, sukari ikipimwa kwa mashine iko chini ya 4 (mmol/L), wewe ni haraka kitu kitamu, soda ya kawaida ama vijiko vitatu vinne vya sukari kwa maji, upime tena baada ya dakika 15, halafu chakula. Hiyo ni dawa yako. Na vijana mnaobeba abiria, mzee akianza kuongea vitu havieleweki, msidhani amelewa, muulize kama ana sukari.

Mashine iko kwa ile meza ya kijani karibu na mlango, kupima ni bure. Wale hawajakula tangu jana usiku waje mbele kwa sababu ndio namba zao zinaeleweka vizuri. Ikisoma 7 na zaidi na hujala, usiogope na usiende nyumbani, kaa pembeni nimalizie wengine kisha nikuandikie uende kituoni warudie. Nimechapisha yale maswali 10 kwa karatasi, kwa Kiswahili, chukua uende nayo, si lazima unionyeshe. Maji yako kwa jerikeni, vikombe viko kwa beseni, na mayai yaliletwa na mama Kibuye, ni moja kwa kila mtu mpaka yaishe.